Fonti ya mwandiko: ni nini, na inafaa wapi

Fonti ya mwandiko ni herufi za kompyuta zilizochorwa zionekane kama zimeandikwa kwa kalamu au brashi. Herufi ndogo hushikana, herufi kubwa huwa na mikia ya mapambo. Usiichanganye na hati mlazo, ambayo hulala tu bila kushikana.

Zipo za aina mbili kuu. Za kirasmi, kama Great Vibes, zinafuata mwandiko wa Uingereza wa karne ya 18: kalamu ikishuka kwa kubonyezwa mstari unanenepa, ikipanda unakonda. Za brashi, kama Brush Script iliyotolewa Marekani mwaka 1942, ni nene na hustahimili zaidi printa chovu.

Mtwara na Lindi utazikuta kwenye kadi za harusi na za unyago, mabango ya saluni, stika za bajaji. Kwenye kadi ya A6 (robo ya karatasi ya A4), majina ya maharusi yakae pointi 28 hadi 36; pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi. Chini ya pointi 18 ile mistari myembamba huanza kukatika, hasa kadi ikitolewa fotokopi. Ukumbi, tarehe na saa viandikwe kwa fonti ya kawaida, pointi 11 au 12. Kadi ya mchango ndiyo ya kuangaliwa zaidi: namba ya simu ikiandikwa kwa mwandiko, 1 na 7 hufanana, na mchango wa harusi unaishia kwa mtu baki.

Usiandike neno zima kwa herufi kubwa. HARUSI kwa fonti hii ni mikia sita inayogombana, haisomeki. Wala usiongeze nafasi kati ya herufi. Viungo vinaachana na neno linabaki vipandevipande.

Kabla ya kuchagua fonti, jaribu “Mwaliko” na “Bw. na Bi.” Herufi w humalizia juu, a huanzia chini, fonti iliyochorwa ovyo huacha pengo hapo. Jaribu pia “Ng'apa”. Fonti nyingine za bure hazina ritifaa (alama ile iliyo baada ya Ng), hivyo kompyuta huazima ya fonti nyingine au huweka kisanduku kitupu.

Ukipeleka kazi steshenari, peleka PDF yenye fonti ndani yake, au geuza maandishi yawe michoro. Ukishageuza huwezi kusahihisha tena, kwa hiyo majina yahakikiwe na familia zote mbili kwanza. Kwa WhatsApp itume kama dokumenti; ikitumwa kama picha hubanwa na mistari myembamba hufifia.

Stika za kukatwa kwa mashine zina kasoro yake. Herufi zinazoshikana, kwa kweli, hupandana, na kisu hufuata ukingo wa kila moja, kikikata katikati ya neno. Unganisha maumbo yote yawe umbo moja kabla ya kukata, na chagua fonti ya brashi: mkia mwembamba hung'oka wakati wa kubandua.