Nia Peke Yake Haimbadilishi Mtu: Dhana Potofu Kuhusu Mazoea Madogo

Mwaka mpya unapoingia, mahubiri ya Jumapili, vipindi vya asubuhi vya redio na jumbe za makundi ya WhatsApp jijini Nairobi huhimiza jambo moja: mtu ajirekebishe. Wito huo ni mwema, na wengi huupokea kwa moyo safi. Hata hivyo, husambazwa pamoja na mafundisho ambayo utafiti hauyaungi mkono, na mtu anayeyafuata kisha akashindwa hujihesabu mvivu au asiye na msimamo, ilhali kasoro ilikuwa katika fundisho lenyewe. Jambo hili linanigusa kwa sababu anayeumia zaidi ni yule aliyejitahidi kwelikweli.

Dhana: Tabia mpya hujengeka kwa siku 21

Hesabu hii hutajwa kwa uhakika kana kwamba ilipimwa katika maabara. Chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 alieleza kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya. Alikuwa akisimulia aliyoyaona kazini, wala hakupima namna tabia inavyojengeka. Waliomnukuu baadaye walikichukua kiwango hicho cha chini wakakifanya ahadi.

Kipimo chenyewe kilikuja baadaye sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua tendo moja la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akalifungamanisha na jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, kwa mfano kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kiwango cha kati cha kufikia hali ya kutenda bila kujisukuma kilikuwa siku 66, lakini watu walitofautiana mno: makadirio yalianzia siku 18 yakafika 254. Waliochagua kunywa maji walizoea mapema kuliko waliochagua mazoezi ya mwili. Kwa hiyo hata hiyo 66 isigeuzwe kuwa hesabu mpya ya kuwatia watu hofu.

Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana. Natamani jambo hili lingetangazwa kwa sauti ileile inayotangaza siku 21, kwa maana wapo wanaoacha kabisa kusoma au kufanya mazoezi kwa sababu tu usiku mmoja mvua iliwafungia kwenye foleni ya Thika Road, wakafika nyumbani wamechoka, wakaona safari nzima imeharibika.

Dhana: Anayefaulu ni yule mwenye nia kali kuliko wenzake

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, nami nitakaa nayo zaidi kidogo. Kwa miaka mingi wanasaikolojia wengi walikubali kwamba uwezo wa kujizuia hupungua kadiri mtu anavyoutumia, na kwamba mwenye akiba kubwa ya uwezo huo ndiye anayeshinda. Mwaka 2016 maabara 23 zilirudia kwa pamoja jaribio moja la aina hiyo, zikiwashirikisha watu zaidi ya 2,000, na athari iliyotarajiwa haikuonekana isipokuwa kwa kiasi kidogo sana kisichoweza kutegemewa. Mwaka uliofuata, utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada ulionyesha kwamba waliofikia malengo yao ni wale waliokutana na vishawishi vichache, wala si wale waliopambana navyo kwa nguvu zaidi.

Maana yake ni kwamba kazi kubwa hufanyika kabla wakati wa kujizuia haujafika, pale mtu anapoamua jambo litafanyika wapi, saa ngapi na baada ya nini. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, ameutumia muda mrefu wa kazi yake kuchunguza mipango ya namna hii: jambo fulani likitokea, nitafanya hivi. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94, wakaona kwamba waliopanga hivyo walitimiza malengo yao kuliko waliokuwa na nia tu.

Huko Kawangware yupo mama mmoja fundi wa nguo ambaye kibanda chake nakipitia mara kwa mara. Alitaka kuandika mauzo na matumizi ya kila siku, kwa sababu alikuwa hawezi kutenganisha faida na mtaji, na akapanga kuandika kila jioni kabla ya kufunga. Jioni ya kibanda chake ni hii: mteja wa mwisho anadai sketi aliyoahidiwa tangu asubuhi, stima imepotea, cherehani haijaingizwa ndani, kufuli halionekani, na watoto nyumbani hawajala. Daftari lilibaki na kurasa tupu, naye akaanza kusema kwamba mambo ya hesabu si ya watu kama yeye. Nia alikuwa nayo tele, ila wakati aliouchagua haukuwa na nafasi hata ya kushika kalamu.

Baadaye alihamishia kazi hiyo kwenye chai ya saa nne, ambayo kijana mmoja huipitisha kwa chupa kibanda hadi kibanda bila kukosa. Daftari amelifunga kwa uzi kwenye meza ya cherehani, na kalamu imening'inia papo hapo. Akishapokea kikombe huandika ya jana kwanza, na akijisahau, msichana anayejifunza kazi kwake humkumbusha: "Mama, chai imefika na kitabu bado." Naye hujibu, "Kilete hapa basi, isipoe." Kutokana na kurasa hizo aliona kwamba kubadilisha zipu kulikuwa kunamlipa vizuri kuliko kushona sare za shule kwa bei aliyokuwa akitoza, akaipandisha bei ya sare. Hakuna tabia yake ya moyoni iliyobadilika kati ya jioni ile na saa nne hii. Kilichobadilika ni saa, mahali na uzi.

Dhana: Mtu mzima habadiliki

Methali ya samaki mkunje angali mbichi hutumiwa vizuri tunapozungumzia malezi, ila wapo wanaoigeuza kuwa hukumu juu ya kila aliyevuka umri wa miaka 30. Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya ada kuondolewa katika shule za msingi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimng'oa kwake, akahamia Nairobi, na mwaka 2008 akajiunga tena na masomo katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Naona inafaa kukumbuka kwamba hata uamuzi wake ulifunguliwa mlango na kuondolewa kwa ada.

Ushahidi wa ubongo nao upo. Ili kupata leseni, dereva wa teksi jijini London hulazimika kukariri mpangilio wa mitaa 25,000 hivi, kazi inayochukua miaka mitatu au minne. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo, wote wakiwa watu wazima, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba kwa wale 39 waliofuzu, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu ya mahali ilikuwa imeongezeka. Kwa wale ambao hawakufuzu, ongezeko hilo halikuonekana.

Dhana: Badili fikra kwanza, mengine yatafuata yenyewe

Carol Dweck, ambaye utafiti wake ndio uliolieneza wazo la kwamba uwezo wa mtu unaweza kukuzwa, ananukuliwa mno na wanaofundisha kwamba fikra zikigeuka maisha hugeuka. Jaribio kubwa kuhusu wazo hilo, lililochapishwa mwaka 2019 na David Yeager, Dweck na wengine, liliwashirikisha wanafunzi zaidi ya 12,000 wa shule za sekondari nchini Marekani. Somo fupi lisilofika saa moja liliinua alama za wanafunzi waliokuwa nyuma, lakini ongezeko lenyewe lilikuwa dogo, karibu sehemu moja ya kumi ya pointi katika mizani ya alama za Marekani inayofikia pointi nne hivi, na lilikuwa zuri zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenzao waliona ni jambo la kawaida kuchagua maswali magumu. Fikra zina kazi yake, na pia zinahitaji mazingira yatakayozibeba. Mara nyingi mwendo huwa wa kinyume, kwani mama yule wa Kawangware alianza kujiita mtu wa hesabu baada ya daftari kujaa.

Dhana: Asiyeweka akiba hana nidhamu

Katika jiji ambalo wengi hulipwa kwa siku, neno hili husemwa kwa wepesi unaosikitisha. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, wakalichapisha mwaka 2013, kwa wanachama wa vyama vya kuchangiana kwa zamu. Baadhi yao walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe, wakaambiwa waweke humo akiba ya afya. Kitu hicho kidogo kiliongeza kwa zaidi ya nusu fedha walizotumia kwa kinga, kama vile vyandarua. Kikwazo cha awali hakikuwa uvivu, kwa kuwa fedha iliyo mfukoni huombwa na ndugu, huliwa na nauli na mahitaji ya papo kwa papo, na sanduku liliipa mahali pake na sababu ya kumwambia mtu kwamba hiyo ina kazi.

Kundi jingine lilipewa sanduku ambalo ufunguo wake ulikaa na msimamizi hadi lengo litimie. Hilo halikusaidia vivyo hivyo, kwa sababu mtu aliyefungiwa fedha hawezi kuzifikia mtoto akiugua usiku. Mbinu nyingine iliyofanya vizuri ilikuwa ya chama kuchanga kando kwa ajili ya afya na kumpa mwanachama kwa zamu. Kwa hiyo chama cha Kayole au Dagoretti kinachotaka wanachama wake waweke akiba ya bima au ada kingefanya vyema kutenga mchango huo siku ileile ya mkutano, kabla fedha hazijatoka mezani, na kuacha mfuko wa pili wa dharura ambao mtu anaweza kuufungua bila kuomba ruhusa ya mkutano mzima.