Je, wajua kwa nini watafiti huwatafuta nyangumi kwa masikio badala ya macho?

Kwa miaka mingi nyangumi buluu walionekana kwenye pwani ya Omani, na wataalamu wakawachukulia kuwa wa kundi moja na wale wa Sri Lanka. Kisha mwaka 2017 mtafiti Salvatore Cerchio, aliyekuwa akichunguza nyangumi wa aina nyingine kaskazini magharibi mwa Madagaska, akakuta kwenye rekodi zake wimbo wa nyangumi buluu ambao hakuna aliyewahi kuueleza. Vinasa sauti vilivyotegwa Omani navyo vikaleta wimbo uleule. Mwishoni mwa 2020 yeye na wenzake walichapisha matokeo yao: inaelekea hili ni kundi jingine kabisa, na lilikuwa mbele ya macho ya watu siku zote.

Tatizo la macho ni kwamba bahari humeza mwanga. Ukipita mita 200 kwenda chini ni karibu giza tupu, na nyangumi huibuka kwa muda mfupi tu kuvuta pumzi. Sauti, lakini, hukimbia majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na zile nzito hufika mamia ya kilomita. Mlio wa nyangumi buluu ni mzito kiasi kwamba sehemu yake iko chini ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, ambako sikio la binadamu halisikii kitu. Ili tuusikie, rekodi huchezwa kwa kasi kubwa zaidi.

Kinasa sauti hufungiwa uzito, kikazamishwa hadi sakafu ya bahari na kuachwa huko kwa miezi. Siku ya kukichukua, watafiti hutuma mlio maalumu majini. Kifungo huachia uzito, na chombo huelea chenyewe hadi juu. Kinachofuata kinanivutia zaidi: kazi kubwa ya kusikiliza hufanywa kwa kutazama. Kompyuta hugeuza sauti kuwa picha, na wimbo huonekana kama michirizi ileile inayojirudia saa baada ya saa. Kila kundi lina michirizi yake.

Vinasa vikiwa kadhaa, hata mahali alipo mwimbaji hupatikana. Mlio ukifika kinasa kimoja sekunde 2 kabla ya kingine, basi nyangumi yuko karibu na kile cha kwanza kwa tofauti ya kilomita 3. Ila kimya hakimaanishi kwamba hawapo. Kwa nyangumi wenye nundu, waimbaji ni madume. Jike na ndama wanaweza kupita bila kuacha alama, na ngurumo za meli hufunika hata wanaoimba.

Hao wenye nundu wa Bahari ya Arabu ndio wanaonitia wasiwasi. Wale wa Omani wanakadiriwa kuwa chini ya 100, baada ya wavuvi wa Kisovieti kuua zaidi ya 200 katika bahari hiyo miaka ya 1960. Hawa hawaendi Antaktika. Nyangumi wenye nundu tunaowaona Watamu na Zanzibar hupanda kutoka kusini wakati wa kusi, kati ya Julai na Oktoba, na huo ndio msimu wao wa kuimba. Wa Omani huimba wakati wa kaskazi, tena wimbo tofauti.