Si kila goti linalouma Makete ni baridi

Juni ikiingia, Makete na Njombe watu huvaa makoti mawili mawili, na mtoto akiamka anachechemea kila mtu nyumbani ana jibu: baridi yabisi. Jina lenyewe limeshatoa hukumu. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa kitambaa cha sufi, na siku mbili tatu anapata nafuu, kwa sababu joto kweli hulegeza kiungo kilichokakamaa. Lakini baridi haivimbishi goti. Humfanya tu mwenye kiungo kibovu asikie maumivu zaidi. Goti likivimba na kuwa la moto kuliko lenzake, tafuta sababu ndani ya mwili, na kwa baadhi ya watoto sababu hiyo iko tumboni.

Hapo wengi hugoma. "Goti na tumbo wapi na wapi?" Kuna magonjwa mawili, ugonjwa wa Crohn na kolitisi ya vidonda, ambayo kinga ya mwili huugeukia utumbo: mtoto anahara wiki nyingi, anatoa damu chooni, tumbo linamnyonga, anakonda, hata kimo kinasimama. Kinga hiyo iliyochafuka haiishii utumboni. Ikitoka nje ya utumbo, viungo ndivyo huguswa mara nyingi zaidi: magoti, vifundo vya miguu, nyonga, vifundo vya mikono. Wengi huumwa bila hata kuvimba. Na viungo vinaweza kutangulia kwa miezi, pengine miaka, kabla ya choo kubadilika.

Kwa hiyo mwulize mtoto kuhusu choo, tena kwa upole na faragha. Wa darasa la tano hawezi kuja kukutangazia kwamba ameona damu, na choo cha shimo kina giza. Huenda yeye mwenyewe hajaona.

"Amepimwa, ni gauti." Gauti, ule ugonjwa wa viungo ambao wagonjwa wake huambiwa wapunguze nyama, kwa mtoto ni nadra mno, na kumnyima nyama mtoto aliyekonda na kupungukiwa damu ni kumwongezea tatizo juu ya tatizo. Simlaumu daktari anayeanza na brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, kwa mtoto anayekunywa maziwa mabichi, au kifua kikuu cha mifupa, au selimundu. Hayo yapo, na lazima yaangaliwe. Shida ni kuishia hapo majibu yakirudi safi.

"Anakua tu huyo." Maumivu ya kukua huja jioni au usiku, miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbiza mpira. Anayeamka amekakamaa na kuchukua muda mrefu kunyooka hana maumivu ya kukua.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, nayo hununuliwa kirahisi kama kiberiti. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kuuumiza utumbo na kuuamsha ugonjwa uliolala. Kwa maumivu, parasetamoli iliyopimwa kwa uzito wa mtoto ni salama zaidi, ila nayo haitibu chanzo. Goti la namna hii mara nyingi hutulia utumbo ukitulia. Sulfasalazini husaidia utumbo mpana na viungo kwa pamoja. Methotreksati hutumika pia. Zipo na sindano kali zaidi za kutuliza kinga, kama infliksimabu, ambazo mtoto hapewi kabla ya kupimwa kifua kikuu.

"Atakuwa kilema." Kwa magoti na vifundo, kwa kawaida hapana, uvimbe huisha bila kukiharibu kiungo. Mgongo ndio tofauti. Maumivu ya chini ya kiuno yanayozidi akipumzika na kupungua akitembea yanaweza kuendelea hata utumbo ukiwa shwari, na yasipotibiwa mgongo hukakamaa. Kwa watoto hali hii ni ya nadra, lakini isipuuzwe.

Kuhusu prednisoloni, dawa ya steroidi ambayo nayo hutumika kutuliza ugonjwa huu: ndiyo, mashavu yanajaa, na shuleni anataniwa. Bado usiikatishe ghafla, maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya kutosha na mtoto anaweza kuzidiwa vibaya. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Mtoto aliyeitumia muda mrefu akianza kuumwa nyonga, apigwe picha, kwani dawa hiyo inaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa paja.

Na jicho likiwa jekundu, linauma na kuogopa mwanga, msingoje tarehe ya kliniki. Ugonjwa huuhuu hufika hadi machoni, na huko siku chache ni nyingi.