Kwa nini printa hukataa wino wa bei nafuu?

Fundi amechomoa katriji iliyokauka, ameijaza wino kwa bomba la sindano, ameirudisha mahali pake na kuwasha mashine. Wino upo, karatasi ipo, umeme upo. Printa inaandika kwamba katriji haitambuliki, na haichapi hata nukta. Wenye steshenari wanaijua hali hii: wanafunzi wamejipanga mlangoni, kila mmoja na flashi yake mkononi, na mashine iliyolipiwa taslimu imegoma.

Wengi huulaumu wino, lakini mara nyingi wino hauna kosa. Itazame katriji vizuri utaona kijipande chembamba chenye vidoa vya rangi ya dhahabu. Hiyo ni chipu. Katriji ikiingia, printa huiuliza swali la siri, nayo hutakiwa kujibu kwa namna inayojulikana na chipu za kampuni hiyo tu. Jibu likikosekana, kazi husimama. Chipu hiyohiyo hutunza hesabu ya wino uliotumika. Ndiyo maana katriji halisi ya kampuni, hata ukiijaza hadi pomoni, printa inaweza kushikilia kuwa imekwisha.

Watengenezaji wengine wa wino nao hujifunza lile jibu na kuunda chipu zao. Hapo ndipo kampuni hubadilisha swali. Tarehe 13 Septemba 2016, wateja wengi wa HP walikuta printa zao zimekataa katriji ambazo jana yake zilikuwa zikichapa bila shida. Hakuna aliyezigusa. Agizo lilikuwa limo katika programu ya ndani ya mashine, likingoja tarehe ifike. Baada ya malalamiko, HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, ikatoa programu ya kuondoa kizuizi kwa aliyeitaka. Utaratibu wenyewe haukuachwa. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, kwa sababu wanunuzi hawakuelezwa waziwazi kwamba printa itakataa wino wa wengine.

Sababu ya yote haya ni hesabu ya biashara. Printa ndogo huuzwa kwa bei ya chini, pengine bila faida, kwa matumaini kwamba mnunuzi atarudi kununua katriji mwaka baada ya mwaka. Akipata wino kwingine, hesabu inaharibika.

Kampuni husema chipu inalinda ubora na usalama. Mimi sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa, na ushahidi wangu umetoka kwa watengenezaji wenyewe. Mwanzoni mwa 2022, dunia ilipopungukiwa na chipu, kampuni ya Canon ililazimika kuuza tona (wino wa unga) zisizo na chipu kwa baadhi ya mashine zake. Printa zikazikataa tona halali za Canon! Tawi lake la Ujerumani likabidi liwaelekeze wateja jinsi ya kuupita ujumbe wa onyo ili waendelee kuchapa. Na walichapa. Kilichopotea hasa ni uwezo wa mashine kukadiria kiasi cha tona kilichobaki.

Mahakamani nako kumepiganwa. Lexmark ya Marekani iliishtaki kampuni ya Static Control iliyokuwa ikiuza chipu mbadala, ikitumia sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa haikukubaliana na Lexmark. Mwaka 2017, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji, haiwezi tena kutumia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kumzuia mtu asiijaze na kuiuza. Hukumu hizi zinamkinga anayejaza. Hazimlazimishi mtengenezaji aondoe kufuli.

Tena ugomvi wa printa ni wa zamani. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman, mtaalamu wa kompyuta pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, alitaka printa mpya ya Xerox iwajulishe watu karatasi inapokwama, kama alivyokuwa ameifanyia ile ya awali. Akanyimwa msimbo wa programu yake. Tukio hilo lilimuuma, na mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, ambao programu zake leo hutumika pamoja na Linux kwenye seva nyingi za intaneti.

Wenye steshenari wengi wamejinasua kwa kununua printa za matangi, zinazojazwa wino wa chupa. Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, baada ya mafundi wa huko kuzoea kuzifungia printa za kawaida matangi na mipira yao wenyewe. Hata hizo nyingi zina kihesabio cha wino taka, yaani ule unaomwagwa mashine inapojisafisha: kikifika kikomo, mashine husimama mpaka fundi airiseti. Kwa hiyo ukienda dukani, usiishie kuuliza bei ya printa. Uliza bei ya wino wake, inajazwaje, na kama itafanya kazi bila kuunganishwa na intaneti. Muuzaji akisitasita, omba ichapwe karatasi moja mbele yako kwa wino utakaoumudu.