Mlatino yupi? Kijiji, mji na meno ya wahamiaji Marekani

Fomu nyingi za kliniki nchini Marekani huwa na kisanduku kimoja: Mlatino, yaani mtu mwenye asili ya Amerika ya Kilatini. Aliyezaliwa milimani Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, na aliyezaliwa Mexico City wote huweka alama hapo hapo. Wakifungua vinywa, hawafanani.

Tuseme wa kwanza ni mama anayechuma stroberi Watsonville, California. Magego mawili ya chini hana. Yalimuuma, akavumilia, siku ya gulio akateremka mjini yakang'olewa. Hana jino hata moja lililozibwa, maana kwao hakukuwa na wa kuziba. Ukoga umegeuka jiwe chini ya ufizi, na akipiga mswaki damu hutoka; yeye huona ndivyo meno yalivyo. Wa pili ni fundi umeme aliyekulia katikati ya jiji. Matano yamezibwa, moja limevikwa kofia. Daktari wa meno alikuwa jirani yake, na duka la soda lilikuwa jirani zaidi.

Kijijini, jino likiuma hutangulia karafuu, ile ile ya Unguja na Pemba. Mafuta yake hutia ganzi kweli, ila tundu halizibi. Zamani mlo wa mahindi na maharage uliyasaidia meno, lakini siku hizi soda imefika hata huko.

Maji nayo yana habari yake. Mexico huweka floraidi, madini yanayoimarisha meno, kwenye chumvi ya mezani, isipokuwa sehemu ambazo maji ya ardhini yamezidi madini hayo, kama Durango na Aguascalientes. Wenyeji wa huko wengine wana meno yenye madoa ya kahawia, kama tunayoyaona Arusha na Meru, kwa hiyo usikimbilie kumwambia mtu hapigi mswaki. Marekani, kuanzia mji wa Grand Rapids mwaka 1945, floraidi huwekwa kwenye maji ya bomba katika miji mingi. Lakini aliyekulia mahali ambapo bomba ni la kuoshea vyombo tu huendelea kununua maji ya chupa, ambayo mara nyingi yana floraidi kidogo. Mimi simlaumu: visima kadhaa vya mashambani katika bonde la kati la California vina nitrati au aseniki, kemikali zenye madhara. Ulizia vipimo vya maji ya mtaa wako, na vyovyote iwavyo piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi.

Kwa watoto, kauli inayotusumbua ni ile ya "hayo si yatang'oka tu?" Mtoto akilala na chupa ya maziwa au juisi, mate hupungua usingizini, sukari hubaki kwenye meno ya mbele ya juu, na bakteria huigeuza tindikali. Dalili ya kwanza ni mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi. Ukiuona, bado hujachelewa. Floraidi inaweza kulirudishia jino nguvu. Chupa ya kitandani iwe na maji matupu. Chini ya miaka 3, dawa ya mswaki iwe kama punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kama punje ya njegere.

Kwa watu wazima, tatizo kubwa ni fizi. Vipimo vya kitaifa vya 2009 hadi 2012 vilikuta ugonjwa wa fizi unaokula mfupa kwa karibu nusu ya Wamarekani wa miaka 30 na zaidi; kwa Walatino ilikuwa zaidi ya 6 katika kila 10. Mwenye kisukari aangaliwe fizi mapema, maana magonjwa hayo mawili huchocheana.

Matibabu ni ghali. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huacha meno ya watu wazima kwa uamuzi wa kila jimbo. California iliyafuta mengi ya matibabu hayo mwaka 2009 na kuyarejesha yote mwaka 2018. Wenye hati za kuvuka mpaka huenda Los Algodones, mji mdogo wa Mexico karibu na Yuma, Arizona, uliojaa madaktari wa meno.

Kisha kuna lugha. Kliniki humwita mkalimani wa Kihispania ikadhani imemaliza kazi, kumbe mama wa Oaxaca amekua akisema Kimixteco, lugha ya wenyeji wa asili wa huko. Anaelezwa, anatikisa kichwa kwa heshima, anaondoka na pakiti ya antibiotiki asiyojua aimeze mara ngapi.