"Baba Kasafiri": Sheria Inavyomtazama Mdeni Anayejificha

Kusi likikaza, mashua ndogo hazithubutu kutoka nje ya miamba, na hapo simu za wakopaji wetu huanza kuzimwa. Afisa wa mikopo akifika nyumba ya Langoni au Mkomani, hukutana na mtoto dakani, baraza ya mlangoni: "Baba kasafiri, yuko Kiunga." Baba yuko juu, anasikia. Katika kazi yangu ya kuwahudumia wavuvi wa Lamu, maneno ya mtoto yule huniumiza kuliko deni lenyewe, maana baba anaikimbia sheria ambayo ingemlinda.

Watu wengi wanaamini kwamba kushindwa kulipa ni kufungwa. Sivyo. Kifungu 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya hakimruhusu hakimu kumpeleka mtu jela kwa sababu tu hana kitu. Ni lazima aridhike kwamba mdeni anataka kutoroka, au amehamisha na kuficha mali kwa hila baada ya kesi kufunguliwa, au anao uwezo ila hataki kulipa. Mvuvi ambaye nyavu zimechanika na hana pato, akaja akasema hivyo, hayumo katika hao. Mwenzake aliyeipeleka mashine ya boti Matondoni usiku na kuiandika kwa jina la shemeji yake ametengeneza ushahidi dhidi yake kwa mikono yake mwenyewe. Kifungo hicho hufika miezi 6, na akitoka deni liko palepale. Mali yake bado inaweza kukamatwa.

Tena hilo la mashine lina sura nyingine. Chini ya kifungu 316 cha Kanuni ya Adhabu, kugawa au kuhamisha mali kwa nia ya kuwadhulumu wanaokudai ni kosa la jinai, na adhabu yake hufika mwaka 1. Aliyekuwa mdeni sasa ni mshtakiwa, na shemeji ana maswali ya kujibu.

Wasomaji Waislamu wataona kwamba tofauti hii si ngeni kwetu. Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, inaagiza mdeni mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na Mtume (S.A.W.) amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhuluma. (Wapo wanaopeleka madai ya mkopo kwa kadhi. Mahakama ya Kadhi kikatiba husikiliza hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Deni la biashara ni la hakimu.)

Kuikwepa samansi, yaani wito wa mahakama, nako hakusaidii siku hizi. Tangu mwaka 2020 kanuni zinaruhusu hati za mahakama zitumwe kwa baruapepe au WhatsApp, na usipopatikana kabisa hakimu anaweza kuamuru zibandikwe mlangoni pako au zitangazwe gazetini. Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Siku hizo zinahesabiwa ukiwa mafichoni. Hukumu ikitoka upande mmoja, ile nusu uliyokwisha kulipa kwa M-Pesa hakuna wa kuitaja.

Wengine huficha hata vitu visivyokamatwa. Kifungu 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinakinga nguo, matandiko, vyombo vya kupikia na zana ambazo mtu anazihitaji kwa kazi yake. Ulichokiweka rehani ni habari nyingine.

Upo na mlango ambao kila nikiutaja watu hawaniamini. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamruhusu mtu asiye na mali wala uwezo wa kulipa, mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, kuomba utaratibu wa mdeni asiye na mali. Akikubaliwa na miezi 12 ikapita salama, madeni hayo hufutwa. Aliyeficha mali ili kuwadhulumu wadai wake hakubaliwi.

Lakini aumiaye mapema zaidi ni mdhamini. Katika vyama vya akiba na mikopo, mkopaji akitoweka, akiba ya waliomdhamini ndiyo inayokatwa. Mara nyingi ni rafiki wa utotoni, au mama aliyeweka kidogo kidogo kwa kuuza mahamri. Wanaswali msikiti mmoja, wanakutana ukutani pwani kila jioni, na salamu zimekatika. Hilo hakuna hakimu wa kulirekebisha.

Ikiwa unajificha kwa sababu ya matusi, jua kwamba kanuni za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa mitandaoni kutisha, kutukana au kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako. Weka ujumbe wao, ukashtaki Benki Kuu.

Kwa wavuvi wetu, njooni kabla ya kusi kushika. Leteni daftari la mauzo ya samaki na taarifa ya M-Pesa ya miezi 6, mje na mdhamini. Tutapanga malipo yapungue bahari ikiwa mbaya na yapande kaskazi ikirudi, tuyaandike, na kila mmoja aondoke na nakala yenye sahihi. Itunze hiyo nakala. Kesi ikifunguliwa, ndiyo karatasi ya kwanza ya kumwonyesha hakimu.