Je, Wajua kwa Nini Mahakama Huuliza Taa Ilikuwa Wapi?

Mtu anayehudhuria kesi ya wizi wa kimabavu katika mahakama ya hakimu mjini Kakamega, Kisumu au Nakuru huenda akashangaa kuona muda mwingi ukitumiwa kuzungumzia taa. Shahidi amekwisha kueleza jinsi alivyovamiwa usiku, amemtaja aliyemvamia, na hata amemnyoshea kidole mshtakiwa aliye kizimbani. Hata hivyo, hakimu bado anataka kujua kama palikuwa na stima au koroboi, taa hiyo ilikuwa imewekwa wapi, na mwanga wake ulimwangukia nani. Kwa jamaa za aliyeporwa, maswali hayo huonekana kama mlango wa nyuma unaofunguliwa ili mwizi atoroke.

Sababu yake ni kwamba shahidi anaweza kusema kwa moyo safi jambo ambalo si sahihi. Anayesema uongo mara nyingi hujifunua mwenyewe, kwa kuwa hadithi ya kutunga haikai sawa kila inapoguswa. Shahidi mwaminifu aliyekosea hana dalili hizo: hababaiki, habadilishi maneno, na kwa kuwa anaamini kabisa anachokisema, kila anayemsikia humwamini. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza kwamba, shahidi anapokuwa mmoja na tukio limetokea usiku, ni lazima aina ya mwanga, ukubwa wake na mahali ulipokuwa kuhusiana na mshukiwa vichunguzwe kabla ya kumtia mtu hatiani. Ile Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa imetoa tahadhari kama hiyo tangu mwaka 1953. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, sura ya 80, haidai idadi maalumu ya mashahidi ili jambo lithibitishwe, mmoja anatosha. Hiyo ndiyo sababu huyo mmoja hupimwa kwa makini mno, hasa tukikumbuka kwamba adhabu iliyoandikwa katika sheria kwa wizi wa kimabavu ni kifo.

Jicho lenyewe linaeleza tahadhari hiyo inatoka wapi. Sehemu ya katikati ya jicho, ambayo ndiyo tunayoitumia kusoma maandishi na kutofautisha sura za watu, huhitaji mwanga wa kutosha. Gizani kazi huchukuliwa na chembe nyingine zinazoona mwendo na umbo, lakini hazitambui rangi, na undani wa uso huzipita. Kwa hiyo shahidi anayesema kwamba kwa mbalamwezi peke yake aliona shati jekundu na kovu dogo shavuni anaeleza kitu ambacho huenda akili yake ilikijaza baadaye. Tena, mtu anayetoka kwenye chumba chenye stima na kuingia nje kwenye giza huchukua dakika nyingi kabla macho yake hayajazoea, ilhali uvamizi wenyewe huweza kumalizika kwa dakika mbili. Na palipo na panga, macho ya anayevamiwa hulikazia panga, hayaukazii uso wa anayelishika.

Tuchukue mfano wa mwendesha bodaboda anayevamiwa usiku kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Mumias. Anasema kulikuwa na mwanga wa tochi na wa pikipiki yake. Maneno hayo yakiachwa hivyo, yanatosheleza masikio. Lakini ikiwa tochi ilikuwa mkononi mwa mvamizi, ilimmulika aliyevamiwa na kumtia kiwi, na aliyeishika akabaki nyuma ya mwanga. Taa ya pikipiki nayo humulika aliye mbele yake, si aliyeruka kutoka kichakani kando ya barabara. Hali ni tofauti kabisa iwapo tukio lilikuwa chini ya zile taa ndefu za mtaani ambazo watu huziita mulika mwizi, na wawili hao walisimama wakitazamana wakijibizana. Ndiyo maana neno "kulikuwa na mwanga" peke yake halithibitishi chochote, na kiongozi wa mashtaka mwenye bidii hamalizi na shahidi wake kabla ya kuiweka taa mahali pake, umbali wake na muda ambao uso ulionekana. Akiliacha jambo hilo wazi, analiacha mikononi mwa utetezi.

Kumtambua mtu uliyemjua tangu zamani kuna uzito zaidi kama ushahidi kuliko kumtambua mgeni, na mahakama zetu zimelisema hilo mara nyingi. Aliyesoma nawe, anayekaa boma la pili, humjui kwa uso tu; unamjua kwa sauti na kwa mwendo. Hata hivyo mahakama moja ya rufaa nchini Uingereza, katika uamuzi wa mwaka 1976 ambao mahakimu wa Kenya huufuata sana, ilikumbusha kwamba hata ndugu na marafiki wa karibu hukosewa. Na iwapo aliyeonekana alikuwa mgeni, polisi wanatakiwa kuandaa gwaride la utambuzi, ambamo mshukiwa hupangwa pamoja na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura. Mshukiwa ana haki ya kuchagua mahali pa kusimama na ya kuwa na wakili au rafiki yake pale. Kumnyoshea kidole mtu kwa mara ya kwanza akiwa kizimbani, ambapo kila mtu anajua mshtakiwa ni yupi, kuna uzito mdogo sana.

Kipimo kingine, ambacho kwa maoni yangu kina nguvu kuliko vyote, ni maneno ya kwanza. Je, shahidi aliwaambia nini majirani waliokuja mbio aliposhikwa na kupiga mayowe? Je, alipofika kituoni na kupewa nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, alitaja jina, au alisema alivamiwa na watu asiowajua? Aliyemtambua jirani yake kweli kwa kawaida humtaja usiku uleule. Jina likianza kuonekana siku kadhaa baadaye, baada ya mazungumzo sokoni na kwenye matanga, mahakama ina haki ya kuuliza jina hilo lilitoka wapi.

Hapa ndipo inaponiuma kuona jinsi haki inavyopotea. Washtakiwa wengi katika mahakama za mahakimu hawana wakili. Shahidi anapomaliza, hakimu huuliza, "Una maswali kwa shahidi huyu?" na mshtakiwa hujibu, "Ni uongo, mheshimiwa," au huanza kusimulia alikokuwa usiku ule. Lakini huo si wakati wake wa kusimulia, na neno "uongo" halimgusi shahidi aliyekosea kwa uaminifu. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa mshtakiwa haki ya kupewa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia, haki ya kuleta ushahidi wake na kuupinga ule wa wengine, na haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika mahakamani. Basi aombe nakala za taarifa za mashahidi kabla ya kesi kusikizwa, na ikiwa hasomi, asomewe na mtu anayemwamini. Sheria inamruhusu anayemhoji shahidi wa upande wa pili kumwelekeza kwenye jibu, jambo ambalo aliyemleta shahidi huyo kwa kawaida haruhusiwi kulifanya.

Maswali yenyewe yawe mafupi, na kila moja libebe jambo moja. "Tochi ilikuwa mikononi mwa nani?" "Ilikumulika wewe usoni?" "Ulipofika kituoni, ulitaja jina langu?" "Katika taarifa uliyoandikisha, jina langu limo?" Yakijibiwa hayo, inafaa kukaa kimya. Wengi huharibu kazi yao nzuri kwa swali la mwisho: "Sasa na giza lote lile ulinitambuaje?" Swali hilo humfungulia shahidi nafasi ya kuziba kila pengo ambalo limekwisha kuonekana, naye hulitumia. Mahali pa kueleza kwamba giza lilizuia utambuzi ni katika mawasilisho ya mwisho, wakati shahidi hawezi tena kujibu.

Kitu kimoja hakipaswi kuachwa bila kuulizwa. Ikiwa utetezi ni kwamba mshtakiwa alikuwa Busia usiku ule, shahidi aelezwe hivyo uso kwa uso akiwa bado kizimbani, kwa sababu utetezi unaojitokeza mwishoni kabisa huonekana kama uliotungwa. Si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa Busia. Mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa mahali pa tukio unabaki kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini akiutaja mapema, polisi wana nafasi ya kuuchunguza, na wasipouchunguza, kutofanya hivyo kunahesabiwa dhidi ya upande wa mashtaka.

Umbali nao uandikwe. Shahidi hupenda kusema "kama kutoka hapa hadi pale dirishani," na kila aliye ndani ya chumba akaona. Hakimu aombwe kwa heshima aandike kadirio la mita. Mshtakiwa akitiwa hatiani ana siku 14 za kukata rufaa, na jaji wa Mahakama Kuu atakayeisikiza Kisumu, Kakamega au Nakuru atapima upya ushahidi wote bila kumwona shahidi wala dirisha lile. Atakachokuwa nacho mezani ni karatasi za mwenendo wa kesi tu.